Taima ya Kisima cha Ubatizo

Wakikuambia kwamba mimi Ombati nilivunja kufuli la stoo ya kanisa siku ya Sabato, usibishane nao. Nilivunja. Nilivunja kwa jiwe, nikiwa nimevaa suti na tai, kanisa zima likiimba nje. Lakini yale mengine wanayoongeza, kwamba nilitaka kuiba spika, kwamba nilikuwa nimelewa, ni upuzi mtupu. Nimelelewa ndani ya harufu ya chang'aa tangu utotoni na sijawahi kuionja hata tone.

Mimi ni fundi wa stima. Nina kibanda changu hapa Ogembo, karibu na stendi ya boda boda, na ukipanda kilima kwenda kanisani kwetu, nusu ya nyumba utakazopita zina nyaya nilizovuta kwa mikono hii. Nasema hivyo ujue sikuwa mwanafunzi. Nilichokosea, nilikosea nikijua.

Yote yalitokana na mama yangu, Nyakerario. Baba alikufa nikiwa darasa la pili, na mama akapika chang'aa miaka ishirini na miwili ili sisi watano tusome. Miaka mitatu iliyopita aliacha. Hakuhubiriwa na mtu. Aliamka asubuhi moja, akalibingirisha pipa hadi mtoni peke yake, akarudi akaosha mikono. Baada ya hapo akaanza kwenda darasa la ubatizo.

Sasa sikia kiini chenyewe. Mara tatu alimaliza darasa, na mara tatu, siku ikikaribia, alijitoa. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Wenzangu wanasema walisikia moyo ukiwaka. Mimi sisikii kitu, Ombati. Nasikia magoti tu." Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Aliamini kabisa kwamba Mungu hamtaki kwa sababu ya lile pipa, na kwamba angemtaka angempa ishara, hata ndogo tu.

Mwaka huu, akiwa na miaka sabini na mitatu, alisema ataingia majini, ishara ipo au haipo. Kisha mwezi wa saba akashikwa na nimonia. Alilazwa wiki mbili Kisii mjini, na daktari akaniita pembeni akaniambia huyu mama asiguswe na baridi, mapafu yake hayatastahimili tena. Nawe hujui maji yetu. Yanatoka chemchemini chini ya mashamba ya chai, na ukiyanywa asubuhi meno yanauma. Nilijua mawili. Akiingia kwenye maji hayo, yatamuua. Nikimzuia, atasema Mungu ndiye aliyemzuia, na hatarudi darasani tena.

Kwa hiyo nikaliambia baraza la kanisa kwamba nitayapasha moto maji ya kisima cha ubatizo. Kisima chenyewe kiko nje, nyuma ya kanisa, cha saruji, chenye ngazi tano za kushukia. Nikasema nitatia hita ndani, na hita itaendeshwa na taima.

Taima ni swichi inayotumia saa. Ni kidude cha ukubwa wa kopo la maziwa, na mbele kina sahani ya duara yenye saa zote ishirini na nne, na pembeni meno madogo madogo. Unabonyeza meno ya zile saa unazotaka stima ipite. Sahani inazunguka polepole. Ikifika kwenye meno uliyobonyeza inawasha, ikiyapita inazima, na wewe umelala zako. Zile nzuri zina betri ndani. Yangu haikuwa nayo. Sahani yake ilizungushwa na stima yenyewe.

Mzee Mokua, ambaye ni mzee wa kanisa na alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza, "Hicho kidude kikifanya kazi Sabato, nani atakuwa amefanya kazi?"

"Taima, Mzee."

"Na taima ni mshiriki wa kanisa?"

Watu wakaangua kicheko. Damu ikanichemka. Nikamwambia hata mikrofoni inafanya kazi Sabato. Akasema mikrofoni inahubiri, hita haihubiri. Tulivutana hivyo hadi kiza kikaingia. Mwishowe tukakubaliana. Nitaitega taima Ijumaa kabla jua halijazama. Stoo ambamo taima imefungwa itatiwa kufuli, ufunguo atakaa nao Mzee Mokua mwenyewe, na hakuna mkono wa mtu utakaogusa swichi mle mpaka jua la Sabato lizame. Nilikubali kwa furaha. Nilijua watu wetu, kila mtu ni fundi, na sikutaka mtu aje kuchokora.

Alhamisi nikafunga kila kitu na kukijaribu. Hita niliitoa kwenye tangi la hoteli moja iliyofungwa huko Masimba. Nilizika waya ndani ya bomba kutoka stoo hadi kisimani, nikawasha, na baada ya muda nikatumbukiza mkono nione kama maji yanashika moto.

Vidole vikaniwasha. Si sana. Kama mtu aliyegusa upupu kwa mbali.

Nikatoa mkono. Nikachukua testa ya kupimia stima, nikaitia majini, na kile kitaa chake kikawaka kidogo sana. Hita ilikuwa na ufa mahali fulani na stima ilikuwa ikivuja. Iko swichi inayokata stima yenyewe ikivuja, kila fundi anaijua, na Kisii mjini ningeipata siku hiyohiyo. Lakini Ijumaa nilikuwa na nyumba ya mtu ya kumalizia hapa Ogembo, na nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeshajisifu mbele ya baraza. Nikajiambia hivi: hita itazimwa saa nne asubuhi. Mama anaingia majini saa tano na nusu. Hapo katikati kuna saa nzima na nusu, na hita iliyozimwa haiwezi kumdhuru mtu. Taima ndiyo itakayomlinda.

Sikumwambia mtu yeyote.

Ijumaa jioni nikaitega. Iwashe saa tano usiku, izime saa nne asubuhi. Niliilinganisha na saa ya simu yangu, Mzee Mokua akiwa amesimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni mwa koti, tukafunika kisima kwa mabati ili joto lisipotee, tukaagana. Nilishuka Ogembo nikalala fofofo.

Sabato nilifika kanisani saa tatu. Wa kubatizwa walikuwa wawili tu, wameketi kiti cha mbele na kanzu zao nyeusi, mama yangu na rafiki yake Persis, ambaye enzi hizo alikuwa akimsaidia kupika ile pombe. Persis aliogopa maji vibaya sana. Alikuwa ameshatangazia kila mtu kwamba yeye kwanza atatazama Nyakerario anatokaje, ndipo aamue. Mama alikuwa ameweka mikono magotini. Nilimshika bega nikampita, nikaketi katikati ya kanisa, nimetulia. Mashemasi wawili walikuwa wamenipa mkono mlangoni. Walisema wameona mvuke ukitoka kandokando ya mabati, na kwamba nimefanya jambo kubwa.

Mchungaji Thadeus alikuwa katikati ya mahubiri Sylvanus aliponigusa mgongoni. Sylvanus ni jirani wa kanisa, ua wake umepakana na ua wa kanisa.

"Ombati, una pawa benki?" akaninong'oneza. "Simu inazima."

"Si ungechaji usiku."

"Ningechaji na nini? Stima ilipotea saa saba usiku, ikarudi saa kumi. Tumekaa gizani saa tatu nzima."

Sikugeuka. Nilimuuliza nikitazama mbele, "Kwako tu?"

"Kwangu, kanisani, upande huu wote. Si transfoma ni moja."

Kwangu Ogembo haikupotea. Nilikuwa nimeamka, nimepiga suti pasi, nimekunywa chai, na hakuna kilichonishtua.

Nikatazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mle stoo, kwenye ile sahani, ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Stima ilipopotea sahani ilisimama, iliporudi sahani ikaendelea pale ilipoishia, na sasa ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Ile saa nne ya kuzima, kwa taima, ilikuwa bado mbali. Itafika saa saba mchana. Mama yangu alikuwa anaingia majini baada ya dakika ishirini, na hita itakuwa inawaka.

Nikahesabu tena, labda nimekosea. Sikuwa nimekosea. Unajua kinachotisha? Mimi kijana mwenye nguvu niliguswa kwenye vidole tu, hita ikiwa imewaka muda mfupi. Yeye atazama mzima, kichwa na kifua, na moyo wa miaka sabini na mitatu uliotoka hospitalini juzi.

Utaniuliza kwa nini sikusimama pale pale nikasema. Najiuliza mpaka leo. Ningesema nini? Kwamba nilitia stima inayovuja kwenye kisima cha ubatizo nikanyamaza siku mbili? Mbele ya watu ambao nusu yao mimi ndiye niliyewatilia stima wanakolala na watoto wao? Nilikuwa mwoga, na nisitafute neno jingine. Niliona njia nyingine iliyokuwa rahisi zaidi, nikaikimbilia. Nitachukua ufunguo, nitazima, nitarudisha ufunguo.

Mahubiri yakaisha. Watu wakaanza kutoka kwenda kisimani, na nikamkuta Mzee Mokua mlango wa pembeni.

"Mzee, nipe ufunguo wa stoo."

"Wa nini?"

"Nataka kuangalia taima."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Nataka kuangalia tu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Ombati, tulikubaliana nini?"

"Dakika moja, Mzee. Moja tu."

"Kama haina kitu, basi haihitaji kuangaliwa. Jua likizama, njoo uangalie mpaka uchoke." Akanipiga bega kwa upole, kwa sababu si mtu mbaya, akaenda zake. Ningemwambia, "Mama atakufa," angenipa ufunguo na koti lenyewe. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni na sikuyatoa.

Walianza kuimba. Nikawaona mashemasi wakiondoa mabati, mvuke ukapanda, na akina mama wakasema "Aaa" kwa kuridhika. Mchungaji alikuwa ameshashuka majini. Alivaa ile suruali yao ya mpira inayofika kifuani, buti na suruali kitu kimoja, na mpira haupitishi stima, kwa hiyo yeye hangesikia chochote. Mama alikuwa ngazi ya juu, ameshikwa mkono na shemasi wa kike. Alikuwa akitazama maji, si watu.

Nikakimbia. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikaokota jiwe lile linalozuia mlango wa choo, nikafika stoo. Nilipiga kufuli mara ya kwanza likaruka tu. Mara ya pili nikajipiga kidole. Nikaanza kuomba na kutukana kwa pamoja, Mungu anisamehe. Mara ya nne au ya tano likaachia.

Ndani mlikuwa na giza, stoo haina dirisha. Nilipapasa ukuta. Nyaya zote za ule ukuta nilizifunga mwenyewe, na bado mkono wangu ulipita ndoo, fagio, viti vya plastiki, kabla ya kufika kwenye swichi kubwa, ile inayokata stima ya kanisa zima. Nikaivuta chini. Kule nje walikuwa bado wanaimba. Nikawasha taa ya simu nikaimulika taima, na sahani ilikuwa imesimama kwenye saa mbili na dakika arobaini, imetulia, haina habari.

Hapo ndipo ningepaswa kuizima taima yenyewe na kufungua nyaya za hita. Lakini bisibisi ilikuwa kwenye boda yangu. Nje wakasema "Amina" kwa sauti moja. Nikafunga mlango, nikaning'iniza kufuli bovu lionekane kama limefungwa, nikakimbia kwenda kuona kama mama yangu yuko hai.

Alikuwa anapanda ngazi. Kanzu imemgandia mwilini, maji yanamtoka puani, macho makubwa. Walimfunika blanketi. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona, akatabasamu na meno yake yote yaliyobaki. Nililia mbele ya watu. Wakadhani ni furaha, na ilikuwa furaha kweli, lakini si ile waliyoidhani. Persis yeye alitikisa kichwa na kusema atangoja mwezi ujao.

Nikasema moyoni, imepita. Jumapili alfajiri nitakuja na hita mpya na swichi ya kukata, nitabadilisha kufuli, nitamwambia Mzee Mokua uongo mmoja mdogo, na hakuna atakayejua. Niliona kama nimepewa mwili mpya.

Tulikula chini ya hema, wali na maharagwe na mboga za chinsaga vilivyopikwa Ijumaa. Mama aliniita nikae karibu naye. Alikuwa amebadilisha nguo, amefunga kitambaa cheupe. Persis alikuwa upande wake wa pili, na Mchungaji Thadeus mbele yetu na sahani magotini.

"Ombati," mama akasema, "nimewaambia hawa, na wewe nataka usikie."

"Sema, mama."

"Alinigusa."

Nilikuwa na wali mdomoni.

"Nilipofika ngazi ya tatu," akasema, "maji yakiwa magotini. Kitu kilinishika miguu yote miwili. Kikapanda, kikatetemesha mapaja, kikafika hapa." Akaweka mkono kifuani. "Nikataka kulia nikashindwa. Nilidhani nakufa. Kisha Mchungaji akanishika, akanizamisha, na kule chini kabisa nikajazwa. Siwezi kukuelezea. Miaka yote hii nangoja, na alikuwa ananingoja majini."

Mchungaji alifuta macho. Alisema yeye alikuwa karibu naye na hakusikia kitu, na kwamba mambo haya ni ya mtu na Mungu wake. Mama akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

Nilimtazama jinsi alivyokuwa, na nakuambia sijawahi kumwona hivyo, hata siku dada yetu alipofuzu ualimu. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikajiambia nitakufa na siri hii. Mimi ni nani nimnyang'anye? Kwa faida ya nani? Waya nitautengeneza, na yeye abaki na chake.

Persis akaweka sahani chini.

"Basi mimi siendi mwezi ujao," akasema. "Naenda sasa hivi, maji yakiwa bado vile."

Mchungaji akacheka, akamuuliza kama ana hakika. Persis alikuwa na hakika. Alisema Nyakerario atamshika mkono mpaka ndani. Kanzu ilikuwepo, maji yalikuwa bado na uvuguvugu, na Mchungaji akasema hakuna cha kuzuia. Watu wakaanza kusimama. Nikajituliza. Stima imezimwa. Aingie, asisikie chochote, atoke, na mama atamwambia kila mtu hupewa chake.

Nikabaki na sahani yangu. Upande wa pili wa hema, vijana wa kwaya walikuwa wakihangaika na spika ya ibada ya alasiri, imekataa kuwaka. Nilisikia mmoja wao akisema, "Mzee Mokua ameenda kuangalia stoo." Nilisikia na sikuelewa. Nilikuwa namtazama mama akimfunga Persis kanzu.

Kisha spika ikakoroma.

Ilikoroma vile zinavyokoroma stima ikirudi, mm, halafu kimya. Na mimi ndiye fundi, na nilijua kabla ya mtu yeyote pale. Mzee Mokua amekuta kufuli limevunjwa, ameona swichi kubwa iko chini, ameipandisha. Na taima, ambayo sikuizima, imeanza tena kuzunguka kutoka saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Persis alikuwa ameshika mkono wa mama yangu kwenye ngazi ya juu, mguu mmoja hewani. Mchungaji alikuwa ndani na suruali yake ya mpira. Mimi nilikuwa hatua arobaini kutoka pale.

"Mama, mrudishe!" nilipiga kelele. "Msiguse maji! Yana stima!"

Nilitupa sahani nikakimbia. Mama alimvuta Persis nyuma wakaanguka wote wawili kwenye nyasi. Mchungaji aliganda katikati ya maji, mikono juu. Nikapiga kelele kuelekea stoo kwamba wazime, wazime swichi, na sauti ya Mzee Mokua ikajibu kutoka ndani kwamba ameshazima. Halafu watu mia mbili wakanigeukia.

Nikasema yote. Sikuwa na njia nyingine, lakini pia nilikuwa nimechoka kubeba. Nilisema kuhusu ufa wa hita, vidole vyangu Alhamisi, stima iliyopotea usiku, taima iliyochelewa saa tatu, kufuli na jiwe. Mzee Mokua alikuja akasimama mbele yangu, kofia mkononi. Alisema kwa sauti ndogo, "Uliniambia unataka kuangalia tu." Hakusema zaidi, na heri angenitukana.

Lakini mimi sikuwa namtazama yeye. Mama alikuwa bado ameketi kwenye nyasi. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani.

"Na asubuhi?" akauliza.

"Asubuhi pia, mama."

"Nilipokuwa ngazi ya tatu."

"Ilikuwa ni stima. Ndicho kilichokushika miguu. Ilikuwa ni mimi."

Uso wake ulizimika mbele yangu. Nimewaona watu wakipewa habari za msiba, na hawakuwa hivyo. Persis alianza kumpapasa mgongo, mama akauondoa ule mkono. Mchungaji alifungua mdomo aseme kitu kuhusu ubatizo, kwamba ubatizo ni ubatizo, mama akamwonyesha kwa kidole kwamba angoje. Kisha akaniita nisogee, nikapiga magoti pale alipo.

"Ulizima lini?" akaniuliza.

"Nilipoingia stoo."

"Najua uliingia stoo. Nakuuliza, ulipozima, nilikuwa bado kwenye ngazi, au nilikuwa nimeshazamishwa?"

Nikatafuta jibu. Nilijua alichokuwa anataka. Ningeweza kumpa, na hakuna ambaye angenipinga. Lakini nilikuwa kwenye giza la stoo, nje wanaimba, na kwa kweli sikuona kitu.

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui. Sikukuona."

Akaokota kitambaa chake, akakikung'uta nyasi, akajifunga polepole mpaka kikakaa sawa. Ndipo akanitazama.

"Ngazini ulikuwa wewe, nimekubali," akasema. "Lakini kule chini, kama hujui, usimwambie tena mtu yeyote kwamba ulikuwa wewe."